Sifa ya Haki kwa Pambo

Wahenga walinena ya kuwa mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Methali hii twaifundisha sana katika madarasa yetu, na aghalabu twaitumia kumlaumu mgema peke yake. Ni mara chache kumsikia mtu akiuliza habari za wale waliomsifu. Je, walilionja tembo kabla ya kulisifu, au walimsifu mgema kwa kuwa walimwona akiparamia mnazi mrefu huku jua likimchoma mgongo? Kama walisifu jasho badala ya tembo, basi katika maji yale yaliyotiwa wao pia wana sehemu yao.

Methali hii ilinijia siku moja darasani. Mwanafunzi mmoja wa kidato cha tatu alileta kidani kilichotengenezwa na dada yake katika mmoja wa mitaa ya mashariki ya Nairobi, ambayo kwa pamoja huitwa Eastlands. Kidani chenyewe kiliundwa kwa vipande vya mifupa ya ng'ombe, shaba ya manjano iliyoyeyushwa kutoka katika makufuli makuukuu, shanga za kioo, na vipande vya plastiki vilivyokatwa katika dumu la mafuta. Kilipita mkono kwa mkono. "Kumbe hizi zilikuwa taka!" akasema mmoja. "Dada huyu ni hodari, na maisha yenyewe ni magumu," akasema wa pili. Darasa zima likapiga makofi. Nikauliza, "Lakini kidani ni kizuri?" Kimya kikaingia. Hakuna hata mmoja aliyekuwa amekitazama. Walikuwa wamelitazama jaa kwa macho ya moyo, wakamtazama na mtu afanyaye kazi katika dhiki, nacho kidani kikapita mikononi mwao bila kuonekana.

Kabla kengele haijalia, ndoana ifungayo kidani nyuma ya shingo ilifunguka, uzi ukateleza, na shanga zikatawanyika sakafuni. Tulipokuwa tukiziokota, yule mwanafunzi aliniambia kwa sauti ya chini, "Mwalimu, wateja wote humsifu dada, lakini hawarudi."

Maneno hayo ndiyo yaliyonisukuma kuandika insha hii. Sifa isiyotazama ilimnyima yule dada jambo alilolihitaji kuliko makofi, yaani kuambiwa ya kuwa ndoana yake haishiki. Nataka basi kuuliza: pambo lililoundwa kwa vitu vingi vya asili mbalimbali lipimwe kwa kipimo gani?

Kwanza na tuondoe dhana moja. Watu hudhani ya kuwa kuchanganya vitu katika pambo ni ufundi mpya wa siku hizi, na kwamba ugeni huo peke yake wastahili kusifiwa. Sivyo. Tamaa ya mtu kujipamba kwa chochote alichokiona kizuri ni ya kale mno. Katika pango la Enkapune ya Muto, karibu na Naivasha, wachimbuzi wa mambo ya kale walipata shanga za maganda ya mayai ya mbuni zenye umri upatao miaka 40,000. Katika pango la Panga ya Saidi, huko Kilifi, walipata shanga ya kombe la bahari ambayo ni ya zamani zaidi kuliko hizo. Ndivyo ilivyokuwa baadaye pia. Wakamba walijulikana tangu zamani kwa mikufu myembamba ya shaba na chuma. Zile shanga za kioo ambazo leo tukiziona twasema mara moja, "Hizi ni za Kimasai," hazikuzaliwa Umasaini. Zilivuka bahari kutoka Venice na Bohemia, na hata sasa nyingi hutoka katika nchi ya Cheki.

Mama wa Kimasai alizipokea shanga hizo ngeni, akazitia katika waya, akazipanga safu juu ya safu, na kati ya safu akaweka vipande vya ngozi ili zisipandane. Plastiki ilipoingia nchini, mama wengi waliacha ngozi wakakata vipande hivyo katika madumu na mabomba, kwa kuwa plastiki haiozi ikilowa. Mama huyo alikuwa amepata kitu kifaacho kwa kazi yake, akakitumia, na wala hakungoja kupigiwa makofi kwa kuokota dumu. Ugeni wa kitu huisha siku ya pili ya kukivaa, na kinachobaki shingoni ni kazi.

Sasa na turudi Nairobi, tutazame mahali kazi hizi zifanyikapo. Soko la Kariokor lilipata jina lake kutokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Vita Kuu ya mwaka 1914 hadi 1918, na ulimi wa wenyeji ukalitengeneza jina hilo kwa kadiri yake. Humo huuzwa vyondo, viatu vya ngozi vilivyopambwa kwa shanga, bangili, hereni na vidani. Si mbali na hapo, katika Shauri Moyo, liko soko la Burma, mashuhuri kwa nyama. Kamukunji nayo yasikika kabla ya kuonekana, kwa mlio wa nyundo za mafundi wa jua kali wafuao masanduku, majiko na masufuria. Nyama, chuma na shanga vyakaa karibu karibu, hata fundi wa mapambo aweza kukusanya mahitaji yake kwa miguu katika asubuhi moja. Wingi huo wa vitu ni neema kwake, na pia ni mtego. Mtu aliyezungukwa na vitu vingi hushawishika kuvitia vyote katika kidani kimoja.

Kipimo cha kwanza, kwa hiyo, ni tabia ya kila kitu. Mfupa na pembe hutoka kwa ng'ombe mmoja, lakini havifanani kwa tabia. Pembe ni jamaa ya ukucha na nywele. Ikitiwa moto wa kadiri hulainika, ikakubali kukunjwa na kubanwa, na ikipoa hushika umbo lake jipya. Mfupa una madini mengi ndani yake. Haukubali kukunjwa, na ukilazimishwa hupasuka. Hivyo mfupa huchemshwa ili utoke mafuta, hukaushwa, hukatwa kwa msumeno, hutobolewa kwa keekee, na kusuguliwa kwa tupa na msasa mpaka uwe laini. Kisha fundi aweza kuuchora kwa nta na kuutumbukiza katika rangi. Mahali penye nta rangi haiingii, na nta ikiondolewa nakshi huonekana nyeupe katikati ya weusi. Shaba ya manjano nayo ni mchanganyiko wa shaba nyekundu na zinki. Huyeyushwa katika makaa yaliyovuviwa kwa nguvu, ikamiminwa katika kalibu, ikafuliwa na kupigwa tupa. Ni nzito kweli kweli: kipande chake hupita mara nne uzito wa kipande cha mfupa cha ukubwa ule ule.

Turudie kidani chetu tukiwa na maarifa haya. Chini kabisa fundi alining'iniza bamba la shaba pana kama kiganja cha mtoto, na bamba hilo zito likashikwa na uzi mwembamba wa nailoni. Tundu la bamba lilikuwa limetobolewa lakini halikusuguliwa, na makali yake yalikuwa yameanza kuukata uzi. Mifupa iliwekwa pande zote mbili, ikigongana na shaba kila mvaaji akitembea, na kipande kimoja kilikuwa na ufa. Kila kitu kilipewa kazi isiyo yake. Uzi ulibebeshwa mzigo wa waya, na mfupa, usiostahimili kugongwa, ukawekwa pale pa kugongwa. Jambo hili halihusu umaskini wala utajiri. Vitu vile vile, bila kuongeza hata senti moja, vingaliweza kupangwa vingine vikadumu.

Katika kipimo hiki yamo pia mashtaka ya uongo. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na mwaka uliofuata ikakataza biashara ya nyara za wanyama wa porini. Mwezi wa Julai mwaka 1989 Rais Daniel arap Moi aliteketeza tani 12 za pembe za ndovu mbele ya ulimwengu. Mfupa wa ng'ombe ni mali halali, na una uzuri wake mwenyewe: weupe usiong'aa mno, na mistari myembamba ambayo hakuna mkono uwezao kuichora. Hata hivyo nimeona bangili za mfupa zilizotiwa rangi ya manjano hafifu ili mgeni adhani ni pembe ya ndovu. Huo ndio uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Fundi afanyaye hivyo amemdanganya mnunuzi, na pia amekubali kwa siri ya kuwa kitu alicho nacho mkononi hakina thamani. Hawezi kukipenda kitu anachokionea haya, na asipokipenda hatakijua.

Kipimo cha pili ni kiungo. Katika pambo la kitu kimoja, kama pete ya fedha, jicho hutazama umbo. Katika pambo la vitu vingi, jicho lapaswa kwenda kwanza pale kitu kimoja kinapokutana na kingine, kwa sababu hapo ndipo akili ya fundi ilipofanya kazi au ilipolala. Vitu viwili vilivyobandikwa kwa gundi tu ni kama majirani wasiosalimiana: wapo pamoja, lakini hapana kinachowaunganisha. Tazama tena ile kola pana ya shanga ya Kimasai. Waya ndio uipao umbo, na vipande vya kati ndivyo vizitengavyo safu. Hivyo hivyo vipande, vinapopita katikati ya rangi kwa mpango, vimekuwa sehemu ya nakshi. Ukikitoa kiungo, uzuri nao huondoka. Hapo utajua ya kuwa vitu vimeungana kweli. Ukiona vyaelea, jua vimeundwa.

Kipimo cha tatu ni mwili wa mvaaji. Pambo halikukusudiwa kukaa juu ya meza. Lina shingo ya kuizunguka, sikio la kulining'inia, na jasho la kupambana nalo. Hereni iliyo nzito huvuta ndewe la sikio. Shaba isiyotunzwa huacha alama ya kijani katika ngozi yenye jasho. Ncha ya waya isiyokunjwa hushika nguo na kuchoma. Fundi mwema hukivaa kidani chake siku nzima kabla ya kukiuza, akapika nacho, akapanda nacho matatu, akajua kinasema nini kwa mwili. Ni sawa na mpishi kuonja mchuzi wake.

Yaweza kuulizwa kama vipimo hivi vyafaa kwa kazi za sokoni tu, au hata kwa kazi za wasanii wenye jina. Na tuvijaribu. Cyrus Kabiru alizaliwa Nairobi mwaka 1984, akakulia Korogocho, mtaa ulio jirani na jaa kubwa la Dandora. Husimuliwa ya kuwa utotoni alitamani miwani, na baba yake alipokataa kumnunulia alimwambia ajitengenezee. Akajitengenezea, na hakuacha. Miwani yake, aiitayo C-Stunners, huundwa kwa waya, vifuniko vya chupa, mabaki ya vyombo vya umeme na vyuma vilivyotupwa. Mwaka 2015 ilikuwa miongoni mwa kazi zilizoonyeshwa katika maonyesho ya Making Africa, katika jumba la Vitra Design Museum huko Weil am Rhein, Ujerumani. Mfululizo mmoja wa miwani hiyo ameupa jina la Macho Nne. Mwalimu wa lugha atasema ya kuwa ilipasa kuwa macho manne, naye hatakosea. Lakini hayo ndiyo matamshi ya mitaani, na jina limechukuliwa pale pale palipochukuliwa waya.

Kwa kipimo cha tabia, Kabiru amefaulu. Waya mikononi mwake hutumika kama mstari wa kalamu: huzunguka, hurudi, hufanya duara na matao, kazi ambayo waya waiweza kuliko kitu kingine. Kwa kipimo cha kiungo amefaulu vile vile, maana waya ule ule uchorao ndio ufungao, wala hauoni haya kuonekana ukifunga. Ugumu uko katika kipimo cha tatu. Miwani hii mara nyingi huziba macho badala ya kuyasaidia. Je, ni kosa? Kwa miwani ya kusomea ingekuwa kosa kubwa. Lakini kazi ya hii ni nyingine: hubadili uso, kama kinyago kibadilivyo uso wa mchezaji ngoma. Avaaye haoni zaidi, bali huonekana zaidi, na sisi tumtazamao hujiuliza ni nani yule aliye nyuma yake. Kwa hiyo mwili haukusahauliwa, ila umetumiwa kwa kusudi jingine, na mhakiki apaswa kulijua kusudi kabla ya kulaumu. Hata hivyo si zote zenye nguvu sawa. Kwa maoni yangu, zile zenye vitu vichache zapita zile zilizojazwa mno. Palipo na vitu vingi, jicho huanza kuhesabu, "Hiki ni kifuniko, hiki ni kipande cha redio," na mara likishaanza kuhesabu, limeacha kutazama uso.

Jambo moja lanisikitisha. Wengi waandikao juu ya kazi hizi huanza na jaa na kumalizia na jaa. Jaa ni kweli, wala hatulifichi, lakini jaa halikukunja waya. Takataka za Dandora zimekuwapo tangu katikati ya miaka ya 1970, na watu maelfu wamepita kando yake, lakini vitu havikujiunga vyenyewe vikawa miwani.

Labda msomaji atasema, "Mwalimu, wewe ni mkali. Fundi huyu ana watoto wa kulisha. Ukimkosoa utamvunja moyo. Heri kumsifu na kumnunulia." Nayaheshimu maneno haya kwa kuwa yametoka katika wema. Lakini twende Kamukunji tumtazame fundi wa masufuria. Yeye pia hufanya kazi juani, naye pia ana watoto. Je, kuna mtu amnunuliaye sufuria inayovuja kwa huruma? Hapana. Mnunuzi huigeuza sufuria, huigonga kwa kidole, huitazama dhidi ya mwanga kutafuta tundu, na akiliona tundu hulisema. Kwa ukali huo wa kila siku, fundi wa masufuria amekuwa fundi kweli, na wateja wake hurudi wakawaleta na jirani zao. Twampa heshima ya kumkagua. Kwa nini basi fundi wa mapambo tumnyime heshima hiyo, tumpe makofi badala yake? Mnunuzi wa huruma hununua mara moja, na siku ya pili huruma yake imekwenda kwa mwingine. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

Tena, mtazamaji wa haki huona mambo ambayo msifu wa huruma hayaoni. Akitazama mfupa uliosuguliwa vizuri atauliza habari za vumbi jeupe la mfupa huo, na kama fundi alifunika pua alipokuwa akisugua. Akishika shaba iliyomiminwa atakumbuka ya kuwa zinki ikipata moto mwingi hutoa moshi udhuruo kifua, na atauliza kama ilimiminwa mahali penye hewa. Atauliza ni siku ngapi zilitumika, ili ajue kama bei yatosha. Hivi ndivyo uhakiki unavyokuwa wema wenye macho.

Baada ya siku ile, darasa langu lilimwandikia yule dada barua. Hatukumwandikia sifa wala lawama tupu. Tulimweleza tulichokiona: makali ya tundu, uzito wa bamba, ufa wa mfupa na ulegevu wa ndoana. Tulitaja pia jambo moja jema ambalo hakuna aliyeliona siku ya makofi, kwamba nakshi za nta katika ule mfupa wa katikati zilichorwa kwa mkono usiotetemeka. Nakiri ya kuwa nilipoituma barua hiyo nilikuwa na hofu.

Baada ya majuma sita mwanafunzi alileta kidani cha pili. Plastiki haikuwamo, wala bamba. Kilikuwa cha mfupa na pembe tu, pamoja na shaba kidogo sana nyuma ya shingo, ambako kijiti cha shaba kiliingia katika kitanzi cha pembe iliyokunjwa kwa moto. Kiungo hicho kilikuwa kizuri hata mtu angependa kukivaa kidani kinyume, nyuma iwe mbele. Nilikuwa karibu kukisifu nilipomwona msichana mmoja wa safu ya nyuma amekivaa, akigeuza shingo huku na huku, kisha akapeleka kidole kisogoni.

"Mwalimu," akasema, "kijiti ni kirefu kidogo. Kinachoma."

Darasa halikupiga makofi. Walikizunguka, wakakitazama kimoja kimoja, wakakubaliana naye. Jioni ile kidani kilirudi Eastlands kupigwa tupa.